Askari wa Kata na Kesi Isiyo Yake

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Rungwe na msomaji wa siku nyingi wa zile hadithi za mauaji za vijijini, ambazo askari mmoja mpole, anayefahamika kwa kila mtu, hufumbua fumbo bila bastola wala damu nyingi. Nimeanza kuandika ya kwangu. Mnunuzi wa ndizi anakutwa amekufa chumbani mwake asubuhi moja ya mwezi Juni, jiko la mkaa likiwa kando ya kitanda, na polisi kata wa hapo ndiye anayegundua kwamba aliuawa. Shemeji yangu, ambaye ni polisi mstaafu, amesoma kurasa 40 za mwanzo akacheka. Anasema kesi ya mauaji haikai kwa polisi kata hata siku moja, kwamba kijijini kwetu watu wangesema marehemu amerogwa na habari ingeishia hapo, na kwamba kifo cha mtu si jambo la kutungia hadithi ya kustarehesha. Je, niiache?

Jibu: Usiiache, Mwalimu, wala usimkasirikie shemeji yako. Nimehariri miswada ya hadithi za upelelezi hapa Iringa kwa miaka mingi, na iliyo mingi huharibika kwa kosa lililo kinyume kabisa na hofu yako, yaani mwandishi humpa askari wake mamlaka makubwa mno. Humvika suti, humpa gari na bastola, kisha humwachia kijiji kizima akihoji apendavyo, na anayetokea ukurasani ni mpelelezi wa Dar es Salaam aliyepotea njia akaibukia Makambako. Wewe unaye askari ambaye kesi si yake. Huo ndio mtaji wa hadithi za aina hii, na sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa juu ya namna ya kuutumia.

Zilikotoka hadithi hizi, askari wa kijiji alianza kama mtu wa kuchekwa. Katika riwaya nyingi za Kiingereza za miaka ya 1920 na 1930 alifika na baiskeli, akaandika majina katika daftari lake, akamshuku mtu asiyehusika, kisha fumbo likafumbuliwa na mgeni mwenye akili au na bibi mzee aliyekuwa ameketi pembeni akifuma sweta. Kumfanya askari huyohuyo kuwa shujaa ni jambo lililopata umaarufu baadaye, na mfano unaojulikana sana ni Hamish Macbeth, konstebo wa kijiji cha kubuni cha Lochdubh katika nyanda za juu za Scotland, aliyeanza kuonekana mwaka 1985 katika riwaya za M. C. Beaton. Ninamtaja kwa sababu moja tu. Macbeth hataki kupandishwa cheo. Akipandishwa atahamishiwa mjini, atawapoteza kuku na kondoo wake na ule uvuvi wake wa wizi, na itakuwa vigumu kuendelea kuwasaidia wazazi na wadogo zake kwa namna aliyozoea. Kwa hiyo kila anapomjua muuaji humwachia sifa ofisa wa upelelezi wa mjini, ambaye naye huzipokea bila haya. Mwandishi hakuficha kwamba kesi si ya konstebo; aliliweka jambo hilo katikati ya hadithi, likawa chanzo cha kicheko na cha mashaka kwa wakati mmoja.

Lihamishie jambo hilo Rungwe uone linavyokaa. Askari wetu haogopi cheo, anaogopa uhamisho. Tuseme ni Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, nyota moja begani, aliyepangiwa kata hiyo miaka mitatu iliyopita, akaazimwa ekari moja na mzee wa jirani, akapanda miche ya parachichi iliyobebeshwa. Miche ya namna hiyo huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne, na kila mkulima wa Rungwe na Njombe anajua subira hiyo ilivyo. Sasa kila simu ya mkuu wa polisi wa wilaya inapoita, msomaji wako atashika pumzi pamoja naye bila wewe kueleza kitu, kwa sababu karibu kila familia yetu ina mwalimu, muuguzi au askari aliyewahi kupokea barua ya uhamisho wiki chache kabla ya mavuno. Askari anayejua kwamba akionekana hodari mno ataondolewa, na akionekana mzembe mno ataondolewa vilevile, analazimika kuwa na akili ya pekee. Hiyo ndiyo akili ambayo msomaji wa hadithi hizi huifuata kitabu baada ya kitabu.

Turudi kwenye hoja ya shemeji yako, ambayo ni sahihi. Mtu akikutwa amekufa kijijini habari haianzii kituoni. Huanzia kwa jirani, ikapita kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji, ikafika kwa mtendaji wa kijiji, ndipo simu inapopigwa kwa polisi kata, naye akatafuta bodaboda. Kazi yake pale ni kuzuia watu wasiendelee kukanyaga eneo la tukio, kulinda mwili, kuandika majina ya waliokuwapo na kutoa taarifa kwa wakubwa wake. Wakifika wapelelezi wa wilaya pamoja na daktari, na dalili za mauaji zikaonekana, shughuli inakuwa yao, na pengine ya mkuu wa upelelezi wa mkoa. Jalada huenda kwa waendesha mashtaka wa serikali, mshtakiwa husomewa shtaka katika mahakama ya chini ambayo kwa kawaida haina mamlaka ya kuliamua, na mwisho shauri husikilizwa na Mahakama Kuu. Ukiandika kwamba polisi kata alimkamata mtu Jumatatu na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akamfunga Ijumaa, shemeji yako atafunga kitabu, na wasomaji wengi watafunga pamoja naye, maana katika nchi hii watu wengi wamewahi kukaa kwenye benchi la mahakama kuliko waandishi wanavyodhani.

Lakini ndani ya utaratibu huo kuna nafasi mbili ambazo shemeji yako, kwa kuwa alikuwa mtu wa kituoni, huenda hakuzitilia maanani. Ya kwanza ni ndogo: muda ulio kati ya simu na gari. Gari la wilaya lina kazi nyingine, mafuta yana hesabu yake, na barabara ya kijijini ambayo masika yameiacha na makorongo haipitiki kwa haraka. Kwa saa mbili au tatu askari wako yuko peke yake na chumba, jiko, kitanda na watu 30 waliosimama uani wakimtazama. Hana ruhusa ya kuhamisha kitu, ila macho anayo.

Nafasi ya pili ni kubwa, na wewe umeshaigusa bila kuitaja. Mauaji yako yanafanana na ajali. Katika vijiji vyetu vya baridi, kuanzia Rungwe hadi Makete na Njombe, kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa Juni au Julai ni jambo ambalo watu hulifanya huku wakijua wameonywa. Jiko huwashwa nje, moshi ukiisha huingizwa ndani, na wengi huamini kwamba moshi ukishaisha hatari nayo imekwisha. Hatari haimo katika moshi unaoonekana. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata mtu aliyelala akapoteza fahamu bila kushtuka. Kwa hiyo wapelelezi wa wilaya watakapofika watakuta kifo cha aina wanayoifahamu, mlango uliovunjwa na majirani, mwili usio na jeraha, na familia inayotaka kuzika. Wataliandika kuwa tukio la ajali, na hawatakuwa wazembe kwa kufanya hivyo. Mtu pekee ambaye bado ana shaka ni yule atakayebaki kijijini gari likishaondoka. Hivi ndivyo askari wako anavyopata kesi bila kuinyang'anya mamlaka yoyote: kwa wilaya, kesi haipo.

Shaka hiyo itoke wapi? Hapa nakusihi usitumie ujuzi wa maabara, utumie ujuzi wa kuishi mahali pale. Kwa mfano, askari anaona kwamba majivu yaliyomo jikoni ni mengi kuliko ya mkaa wa kujaza mara moja, ilhali anamjua marehemu kuwa mbahili ambaye hata mgeni humpimia mkaa kwa kopo. Au anakumbuka kwamba kanga iliyozibwa chini ya mlango, ambayo majirani wameitupa uani walipovunja, ni ya rangi ambayo haikuwa nyumbani humo, na mtoto anayefagia uwanja kila asubuhi ndiye pekee anayeweza kusema ilikuwa imezibwa upande wa ndani au wa nje kabla mlango haujavunjwa. Hakuna hata moja katika haya ambalo ofisa wa mjini angeliona, na kila moja msomaji angeweza kuliona kama angesoma polepole. Usawa huo kati ya askari na msomaji ni sharti la zamani. Mwaka 1929 padri Mwingereza, Ronald Knox, aliandika masharti 10 ya hadithi za upelelezi, na mojawapo linasema kwamba mpelelezi asigundue kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa papo hapo. Mengine katika orodha ile yamechakaa, hilo bado lina nguvu.

Ukitaka kugusa mambo ya mwili, gusa machache na uyapate sawasawa. Kukakamaa kwa maiti huanza kuonekana kwenye taya na shingo ndani ya saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima kwa kiasi cha saa 12, na baridi huchelewesha hatua zote hizo. Mwili nao hupoa kwa kiasi cha nyuzi moja hadi moja na nusu za Selisiasi kwa saa, lakini kipimo hicho kinategemea joto la mahali ulipo. Angalia basi zawadi uliyojipa: marehemu alikufa katika chumba kilichotiwa joto na jiko, kisha mlango ukavunjwa alfajiri na baridi ya Rungwe ikaingia. Mtu yeyote atakayekadiria saa ya kifo kwa kuzingatia baridi ya asubuhi peke yake anaweza kukosea kwa saa kadhaa, na mtu aliyekuwa kilabuni mbele ya mashahidi saa nne usiku hatakuwa tena na kinga anayoitegemea. Kuhusu rangi, vitabu husema gesi hii huiachia ngozi wekundu wa kung'aa. Kwa ngozi zetu wekundu huo ni vigumu kuuona, hivyo daktari hutazama midomo, kucha, viganja na upande wa ndani wa kope. Ukihitaji vipimo vya kemia, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya, na sampuli hupelekwa huko kwa utaratibu wa polisi. Askari wako hawezi kwenda nayo mfukoni, na majibu yasirudi kesho yake mchana.

Sasa nifike mahali ninapopapenda, napo ni msibani. Katika hadithi za Kiingereza watuhumiwa hukusanywa sebuleni mwa nyumba kubwa, na waandishi wetu wengi hubuni hoteli ya kitalii au karamu ya tajiri ili wapate sebule hiyo. Sielewi kwa nini, maana sisi tunao mkusanyiko ambao hakuna anayealikwa na hakuna anayeweza kukosa kuhudhuria bila kuulizwa. Kwenu Rungwe msiba ni mkutano mkubwa: ng'ombe huchinjwa, ukoo hufika kutoka Kyela na Mbeya na Dar es Salaam, wanawake hulala ndani, wanaume hukesha nje penye moto, vijana huchimba kaburi, na kwa siku kadhaa kila mtu anatazamwa na kila mtu. Muuaji wako atakuwa hapo. Hawezi kutokuwapo. Atalazimika kulia kiasi kinachofaa, kula mbele za watu, kushika jembe, kupanga viti, na kuchangia.

Mchango huo huandikwa. Daftari la rambirambi ni hati ambayo sijaona mwandishi yeyote ameitumia ipasavyo, nami nakupa bure. Humo mna majina kwa mpangilio wa kufika, kiasi cha fedha, mara nyingine na mahali mtu alikotoka, kwa mwandiko wa mtu mmoja ambaye ukoo mzima unamwamini. Mtu aliyedai kwamba alipata habari saa sita mchana akiwa Kiwira, na jina lake limo kabla ya jina la mchungaji aliyefika saa tatu asubuhi, ana jambo la kueleza. Mtu anayejulikana kwa ubahili aliyetoa mara nne ya walivyotoa ndugu wa damu, naye ana lake. Askari hahitaji hati ya upekuzi ili kulisoma. Anahitaji tu kukaa karibu na mwandishi wa daftari na kumsaidia kuhesabu sarafu.

Mvue sare anapokwenda huko. Akienda na sare watu watampa kiti cha mbele na hawatamwambia kitu. Akienda na koti lake la baridi ataketi penye moto na atasikia mambo ambayo jalada la wilaya halitayasikia kamwe. Kuna suala la kisheria hapa ambalo litampendeza shemeji yako ukiliweka kwa usahihi. Mtu akishawekwa chini ya ulinzi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humpa polisi saa 4 za msingi za kumhoji, bila kuhesabu muda wa kumsafirisha hadi kituoni, na nyongeza isiyozidi saa 8 ikiombwa na kukubaliwa kwa utaratibu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo huweza kukataliwa mahakamani. Askari wako anazijua saa hizo. Ndiyo maana hataki kumshika mtu mapema. Anajua kwamba akimshika siku ya pili atakuwa na saa chache na majibu ya kujihami, lakini asipomshika ana siku zote za matanga. Subira yake ionekane kwa wanakijiji kuwa uvivu, hata mtendaji aanze kumsema pembeni.

Kisha kuna siku ya kumaliza msiba, ambayo ndiyo sura yako ya mwisho au inayoitangulia. Ukoo huketi. Msemaji husimama na kutangaza kwamba kama yupo anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa na marehemu, ajitokeze sasa aseme. Huteuliwa msimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao huandikwa ili upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Fikiria mnunuzi wa ndizi, mtu anayekopesha wakulima kabla ya mavuno na kulipwa kwa mikungu, na madeni yake yote yakitajwa hadharani mbele ya waliokopa. Ukimya wa mtu mmoja katika kikao hicho una uzito kuliko hotuba yoyote ya mpelelezi. Mimi ningemweka askari wako nyuma kabisa, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, na ningemwachia bibi mmoja wa ukoo aulize swali ambalo askari alimwomba aulize.

Kuhusu uchawi, shemeji yako amekosea kudhani kwamba hapo ndipo habari inapoishia. Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi ilianzia papo hapo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, inafungua na maiti iliyokutwa penye mzimu, na Bwana Msa, ambaye si polisi, anaifuata njia ya akili hadi mwisho bila kumdharau anayeogopa mzimu. Baada yake Faraji Katalambulla alituletea Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha miaka ya 1970 ikaja na majasusi, magari ya kasi na miji mikubwa, na kijiji kikasahauliwa. Kiti cha askari wa kijijini, kwa kadiri ya miswada inayopita mezani kwangu, kiko wazi. Kanuni yako iwe hii: uchawi usiue katika hadithi, lakini imani ya uchawi iruhusiwe kufanya kazi yake yote, ya kupotosha, ya kuogofya na ya kumfichia muuaji njia. Knox naye alikataza nguvu zisizo za kawaida katika ufumbuzi, ila hakumkataza mwanadamu kuziamini.

Kwa hiyo siku ya tatu ya msiba, waache wazee wawili waanze kunong'ona juu ya kumwita lambalamba, yaani mganga wa kufichua wachawi. Waache watu waanze kumtazama mjane mmoja mzee anayeishi mwisho wa migomba. Askari anaifahamu Sheria ya Uchawi, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1928 na ambayo inamgusa hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na anajua pia kwamba sheria haifiki haraka kama mawe. Ghafla ana kazi mbili: kumpata muuaji, na kuhakikisha kwamba bibi yule anapitisha usiku salama. Ampeleke kwa nani? Kwenu, ambako Wamoravian wapo tangu mwaka 1891, nyumba ya mchungaji ni jibu ambalo kila msomaji atalikubali, na mke wa mchungaji, ambaye atakuwa na bibi huyo jikoni kwa siku tatu wakimenya ndizi, ndiye atakayesikia kwanza kile ambacho mjane alikiona usiku ule na ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza. Hapo hadithi inapata haraka yake bila kumwaga damu tena. Ninakutahadharisha jambo moja. Mikoa yetu imeona mauaji ya kweli ya kishirikina, pamoja na ya watoto, na familia zake bado zipo. Usiyachukue matukio hayo kuwa malighafi. Hofu ya bibi mmoja inatosha.

Swali la starehe nalo lina jibu, ingawa si refu. Anayesoma hadithi hizi hastareheshwi na kifo. Anastareheshwa na mahali anapopafahamu, na watu ambao baada ya kuchafuka wanarudi kusalimiana. Ndiyo maana marehemu huchaguliwa kwa uangalifu, awe mtu mzima, mwenye maadui wanaoeleweka, lakini asiwe shetani, kwani mtu asiye na hata mmoja wa kumlilia hafai kufanyiwa msiba. Mpe mnunuzi wako wa ndizi mtu mmoja aliyempenda kwa kweli, pengine yule binti anayemwandikia hesabu. Ukurasa wake utakuwa mgumu kuandika na usiuruke.

Ugumu halisi wa mwisho wa hadithi za namna hii kwetu uko katika adhabu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 197, inaagiza hukumu ya kifo kwa anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, ijapokuwa hakuna aliyenyongwa nchini tangu mwaka 1994. Ukiifuata kesi hadi hukumu, utulivu wote uliouandika utavunjika. Waandishi wa Kiingereza huikwepa mahakama kwa kufunga kitabu baada ya kukamatwa kwa mtu, na nakushauri ufanye hivyo, ila kwa sababu iliyomo ndani ya hadithi: kesi si ya askari wako, hivyo gari likishaondoka na mtuhumiwa, yeye hana tena cha kusimulia. Njia nyingine ni kuiacha nia ya muuaji ibaki na utata, kama alitaka kumwua au alitaka tu kumtia usingizi mzito ili aibe daftari la madeni, kwa kuwa tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni suala la Mahakama Kuu na msomaji anaweza kulibeba nyumbani. Mimi ningechagua hii ya pili, maana inampa askari usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Muuaji akikiri, akiri mbele ya nani? Hili huharibiwa mara nyingi. Kukiri mbele ya ukoo kunasisimua, lakini askari mwenye akili atajua kwamba ungamo linalosimama vizuri ni lile lililotolewa kwa hiari, na kwamba upo utaratibu wa kumpeleka mtu kwa mlinzi wa amani, kwa kawaida hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, akaandikwe huko bila polisi kuwapo. Weka safari hiyo. Watu wawili katika gari la kukodi, ukungu juu ya mashamba ya chai, mmoja akiwa ameamua kusema na mwingine akimsihi asiseme kwanza mpaka wafike. Sijui sebule gani ya Kiingereza ingezidi safari hiyo.

Lugha sina mengi ya kukufundisha, kwani Rungwe ni kwenu. Ila nimeona katika miswada mingine ya huku kwamba wahusika wote huzungumza Kiswahili cha taarifa ya habari, hata bibi wa miaka 80 akimjibu askari. Bibi huyo atamwita “mwanangu” kabla ya kumwita “afande,” na siku atakapoanza na “afande” askari ajue kuna kitu anakificha. Salamu ya Kinyakyusa ikitangulia, “mwagonile,” na askari, ambaye tuseme ni Mhehe aliyezoea “kamwene,” akaijibu kwa lafudhi inayowachekesha watoto, umeshaeleza miaka mitatu ya ujirani wao kwa mstari mmoja. Usiitafsiri.

Mabadiliko ninayokuomba katika zile kurasa 40 ni machache. Katika muhtasari wako askari anagundua mauaji. Mwache ashuku tu, na ugunduzi wenyewe uusogeze mbele hadi baada ya maziko. Gari la wilaya lije na liondoke kabla ya ukurasa wa 30. Parachichi zionekane mapema, na ofisa wa upelelezi aliyelifunga jalada ndiye atakayelifungua tena na kupongezwa na kamanda wa mkoa, huku askari wako akiwa shambani akipulizia dawa. Ukimaliza sura za msibani, mpe shemeji yako azisome kabla hujanitumia, usimwambie muuaji ni nani, kisha umwombe akuandikie kwenye karatasi jina la mtu ambaye yeye angemfuata.